Kidonge Cheupe cha Asubuhi

Maporomoko ya udongo yalipozoa nyumba za mlimani juu ya Bigwa, mimi mfamasia nilipewa darasa moja la shule walikohifadhiwa manusura nilifanye chumba cha dawa. Maboksi ya msaada yalifika siku ya pili, mengi yameandikwa kwa lugha nisiyoijua. Nilikaa katikati yake nikigeuzageuza chupa, sijui nianzie wapi.

Akaingia bibi mmoja, khanga yake bado ina tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kidonge changu cheupe, kile cha asubuhi."

Kadi ya kliniki na dawa zenyewe vilikuwa vimekwenda na nyumba. Nikamwonyesha vidonge vyeupe vya aina sita. Kila kimoja alisema ndicho, kisha akasema sicho. Nikikosea, nitamuua mtu aliyenusurika na tope.

Nikavifunika, nikamuuliza, "Ukishakimeza, mwili unakuwaje?"

Akaona haya kidogo. "Nashinda njiani kwenda chooni."

Nikampima presha, ilikuwa juu. Nikampima na sukari, maana nayo humkojoza mtu, ilikuwa sawa. Basi nikampa dawa ya presha inayopunguza maji mwilini, ya siku tatu tu, nikamwambia arudi.

Alirudi, presha imeshuka kidogo, akanishukuru kwa mikono miwili. Nilipaswa kufurahi. Lakini mpaka leo sijui kama ndiyo dawa aliyokuwa akinywa, au nilibahatisha tu.