Draiva Mpya Imekula Maua ya Harusi

Jamani, leo nimesalitiwa na CD.

Rafiki yetu Komora alinitumia kutoka Mombasa, na maneno matamu juu yake: "Draiva mpya ya kadi ya picha. Kompyuta yako itaruka."

Kweli imeruka. Imeruka na mali yangu.

Nimeiweka asubuhi hapa dukani Garsen, jenereta ilipowaka tu. Kwanza ikafuta draiva ya zamani, ile programu inayoiendesha kadi ya picha. Ikafuta na programu ya kuchora iliyokuja na kadi yenyewe, ile ninayochorea kadi za harusi za mji mzima!

Ilipomaliza kufuta, ndipo ikaniambia kadi yangu ya picha ni ya zamani mno, haiitambui.

Wewe, si ungeuliza kabla ya kunivua nguo?

Monita ikabaki na rangi chache tu. Na nani anaingia mlangoni? Mama Hawa, amekuja kuona kadi ya bintiye. Nikamfungulia picha ya kadi yake niliyohifadhi jana. Maua yote ya waridi yamekuwa rangi ya majivu.

"Hii ni ya harusi au ya arobaini?"

Nikajitetea. "Mama, kompyuta haijaharibika. Imeboreshwa tu."

(Komora, pole yako siitaki. Nataka diski ya zamani iliyokuja na kadi ya picha. Na nyinyi wengine, mwenye nayo aseme, hata akiwa Ozi nitavuka mto.)

Maana Mama Hawa alinitazama, akajifunga leso vizuri, akasema:

"Basi harusi ya mwanangu usiiboreshe."