Mwiba Kwenye Mtori

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu ya mwiba mwembamba kama uzi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa. Tuliishi Msimbazi, mtaa nilikozaliwa, na mume wangu, mtu wa Kilimanjaro, aliuza vitenge Kariakoo. Mama yake akaja kwetu kutibiwa. Daktari akamwambia aache nyama ya ng'ombe, ale samaki. Aliitikia kwa heshima, lakini tulipofika nyumbani akaniambia, "Mkamwana, wazee wetu walisema samaki ni nyoka wa majini. Harufu yake tu inanifunga koo."

Na mwili ulikuwa unamwisha. Gauni alilokuja nalo lilikuwa linamvuka mabegani.

Mimi nimekuzwa na samaki, nikajiona fundi. Nikanunua samaki aina ya changu, nikamwosha kwa ndimu, nikamchemsha na kumchambua, kisha nikampondea ndani ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi wanaoupenda kwao.

"Nyama gani hii, laini hivi?"

"Kuku, Mama."

Siku tatu alimaliza bakuli. Mume wangu akanisifu, nami nikazipokea sifa. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Siku ya nne mama mkwe akatoa kitu mdomoni, akakiweka ukingoni mwa bakuli, akakitazama.

"Kuku wa Dar ana miiba?"

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Tangu hapo hakugusa chochote nilichopika. Alikula ndizi mbivu alizomenya mwenyewe, na mayai ya kuchemsha, maana yai, alisema, halina mahali pa kumfichia mtu kitu. Akazidi kukonda. Niliona nitamzika kwa ujanja wangu.

Nikaenda kupiga magoti mbele yake, nikasema kweli yote. Akasema, "Harufu umeitoa, kwa hilo nakushukuru. Lakini na jina la chakula ukalitoa. Nirudishie jina, halafu tutaona."

Kesho yake nikamwekea kigoda jikoni. Nikamwonyesha jicho la samaki, angavu na lisilo na ukungu, ajue ni mbichi. Nikatoa matamvua mbele yake, nikapasua tumbo.

"Na huo weusi?"

"Huu utando wa tumboni, Mama. Huu na damu ya kwenye uti wa mgongo ndivyo vinavyonuka."

"Basi kwangua, unangoja nini?"

Nikakwangua. Nikachuna ngozi, nikapaka ndimu na chumvi kwa muda mfupi tu, nikasuuza, kisha nikampika polepole kwa tangawizi na tui la nazi. Sikumponda. Nilimweka mzima kwenye sahani, samaki akionekana kuwa samaki.

Alikula tonge moja. "Bado ni nyoka," akasema, "ila huyu ameoga."

Siku iliyofuata alikula matonge matatu. Baadaye nguvu zikamrudi, akapanda kwa miguu yake basi la kwenda kwao.

Mwezi uliopita tumemzika, kwenye migomba yake. Ameondoka mzee sana. Wifi yangu alinishika mkono pale kaburini, akaniambia mama yao alikuwa akiwasimulia majirani: "Mkamwana wangu wa Dar alinilisha samaki nikiwa nimefumbua macho." Zile siku tatu za kuku hakuwasimulia hata mmoja. Nililia kwa hilo kuliko kwa jeneza.

Kwa hiyo mwanangu, ukiwa na mtu asiyependa samaki, mtoto au mzazi, usimlaumu. Kwangua utando, toa damu, chuna ngozi, usiihurumie ndimu. Punguza harufu kadiri uwezavyo. Lakini usimdanganye anachokula, hata kama unamtakia uzima. Anayekula kwa mkono wako amekukabidhi roho yake, na roho haichezewi.

Mungu akubarikie jiko lako. Akupe wa kuwapikia, na wanaokula kwako wale wakiwa wamefumbua macho.