Isale la Mama Eva

Kosa la Digna lilikuwa kuomba msamaha mapema mno.

Binti yake Eva, wa darasa la tatu, hakujua kukaa kitako. Ukimtuma majani ya ng'ombe, anarudi na kinyonga. Darasani huanza hesabu vizuri, halafu ndege akitua dirishani, hesabu imekwisha hapo hapo. Penseli alizipoteza utadhani anazipanda shambani. Na ndiyo miaka ile ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto wakamiminika, darasa moja likabeba watoto tisini. Kati ya tisini hao, Mwalimu Mkuu Filemon alilijua jina moja tu bila kuuliza.

Muhula uliopita Eva alipanda dirishani katikati ya somo, akavunja kioo. Digna akafanya ambalo mama yeyote wa Mwika angefanya: alikata jani la isale, mmea wa kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba chake cha migomba, akalifunga fundo, akampelekea mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Anayeletewa isale hakatai. Kukataa ni kujitafutia mkosi. Mwalimu Filemon, mzaliwa wa huko huko, akalipokea, akasamehe. Amani ikadumu wiki mbili. Kisha Eva akawa Eva.

Sasa mwalimu mkuu alikuwa ametuma neno: mama aje, na ajue kabisa kwamba mtoto atatafutiwa shule nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa ng'ambo ya korongo, na Digna alimjua mwanawe: angefika njiani, shuleni asifike. Hofu hiyo ndiyo iliyomshusha Moshi kwa daktari wa watoto. Daktari alimsikiliza bila haraka, akasema huenda ni hali ya ubongo, mtoto kushindwa kutuliza mawazo na mwili wake. Kama ndiyo hiyo, basi si utundu wala si malezi mabaya. Lakini asingeweza kukata shauri kabla ya kusikia kutoka kwa walimu.

Yote hayo Digna aliyaeleza ofisini, mbele ya mwalimu mkuu na Mwalimu Margareta anayemfundisha Eva.

“Mama Eva,” alisema Mwalimu Filemon, kwa upole uliomuumiza Digna kuliko ukali, “isale uliniletea mwenyewe. Sasa ugonjwa nao huombewa msamaha?”

Digna aliona haya, kisha akaona hasira, na hasira ikamsaidia.

“Nilikosea, mwalimu. Nilikiri kosa kwa niaba ya mtoto kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naona aibu. Angekuwa haoni ubaoni, ningekuletea isale?”

“Hesabu za kichwa anawashinda wenzake wote,” Mwalimu Margareta alichomekea. “Na nikimtuma maji, akirudi anatulia kidogo.”

“Samaki mkunje angali mbichi,” alijibu mwalimu mkuu. “Mle ndani mna watoto tisini. Nikimwachia mmoja, kesho wote wako madirishani.”

Tusimwonee, alikuwa akisema kweli. Mwalimu wa watoto tisini ana macho mawili tu kama sisi. Akaagiza Eva aitwe, ili amwambie mwenyewe kwamba anahamishwa.

Eva aliingia mbio, kamba za kiatu zikiburuta.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Na kabla hajaambiwa lolote akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akafumba macho. Hakulia wala hakununa. Mtoto yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona ametulia alisimama tuli, akingoja fimbo kama watu wanavyongoja chai.

Digna alijikaza asilie, akashindwa. Mwalimu Margareta aligeukia ukutani. Mwalimu Filemon aliitazama ile mikono midogo, akainuka, akaishusha taratibu kwa mikono yake mwenyewe.

“Rudi darasani, mwanangu. Darasa lako ni lile lile.”

Eva alifumbua jicho moja, akahakikisha, akatoka mbio kama alivyoingia.

Mwalimu mkuu aliketi. Akavuta karatasi na kalamu.

“Haya, Mama Eva. Huyo daktari anataka tumwambie nini?”