Fundi Futi na Uso wa Dada Yake

Mtaani wanamwita Fundi Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda kununua sabuni. Anashona suruali na mashati katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Maneno yake ni machache, na mengi ya hayo machache ni malalamiko. Ukimsalimia atakuitikia vizuri tu, lakini macho yake yatakuwa kwenye pindo la sketi yako. Mimi ni msusi, kibanda changu kinapakana na chumba chake, na sina nguo ambayo hajaitoa kasoro.

Aliishi na dada yake, mdogo wake wa tumbo moja, aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mume. Dada alipika, akafagia vipande vya vitambaa, akatia vifungo. Walikula meza moja miaka yote hiyo, kaka mtu akitafuna huku ameinamia kola ya mtu. Halafu binti wa yule dada akapata kazi mji mwingine, mbali, akaja kumwambia mama yake kwamba amepanga nyumba ya vyumba viwili na chumba kimoja ni cha mama.

"Mjomba, usijali," binti alimwambia Fundi. "Mama atakuwa anakuja kukuona." Akamwachia kamera yake ya zamani, ya dijitali, kama mtu anayemwachia mtoto pipi ili asilie.

Fundi akanijia kibandani, kamera mkononi.

"Msusi, hivi unajua sina hata picha moja ya dada yangu? Akienda nitabaki natazama nini? Ukuta?"

Aliamini kabisa kwamba dada anaondoka shingo upande, kwamba ni binti tu anayemvuta. Alitaka uso wake auweke mbele ya cherehani. Siku dada akija kumwona na kukuta picha yake pale, alisema, hatakubali tena kuondoka.

Basi tukajiunga na darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba, mimi nikimsindikiza tu. Mwalimu alikuwa msichana mwenye studio ya picha za pasipoti, mcheshi na mvumilivu. Alitufundisha kubonyeza kitufe nusu, kusubiri kijisanduku kwenye kioo cha kamera kigeuke kijani, ndipo tumalizie. Alitufundisha kumkalisha mtu karibu na dirisha badala ya kumwekea dirisha mgongoni. Akatuambia tukapige picha za watu tunaokutana nao, tuzilete.

Wiki iliyofuata akazionyesha ukutani kwa projekta. Za wengine zilikuwa za watoto, wachumba, na paka mmoja aliyeletwa kwa jina la mtu. Zikaja za Fundi. Tumbo la mteja. Mabega ya mwenye duka. Pindo la gauni la dada yake, jikoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kichwa.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Mzee wangu," mwalimu akasema huku akijifuta machozi, "hawa watu wamekukosea nini mpaka ukawakata vichwa wote?"

"Hiyo kola imekaa upande," Fundi akajibu, akionyesha ukutani. "Ndiyo niliyokuwa naitazama."

Watu walizidi kuvunjika mbavu, lakini yeye hakucheka. Mwalimu alipoliona hilo akamsogelea.

"Haya, tuanze upya. Unataka kumpiga picha nani hasa?"

"Dada yangu. Anahama."

"Anafananaje?"

"Mabega membamba. Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo, kwa hiyo mikono ya magauni yake huwa naikata mmoja mmoja. Kiuno kimeongezeka tangu mwaka juzi."

"Na uso?"

Fundi akalishika shavu lake mwenyewe, kana kwamba angelipata jibu pale. Mimi msusi ningeweza kumjibia: kovu dogo juu ya nyusi, vishimo mashavuni akicheka. Lakini aliyeulizwa ni yeye. Huruma ikanishika, kicheko kikanikauka.

Toka siku ile alimwandama dada yake nyumba nzima. Niliwasikia kupitia ukuta.

"Geuka kidogo."

"Kaka, niache, nina sufuria ya moto hapa."

"Geuka nikuone."

"Sijachana nywele mimi! Kapige picha cherehani yako."

Alichopata ni mgongo, bega na kisogo. Angalau sasa vichwa vilikuwepo, ila vya kwa nyuma. Akibahatika kuupata uso, dada alikuwa ameinama, au kijani kilichelewa naye akawa ameshatoka mlangoni. Safari ikakaribia na Fundi akapoteza makini hata kazini. Sketi yangu aliirudisha ina mifuko miwili upande mmoja, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyetoa kasoro.

Kabla ya kuondoka, dada alikuja kusukwa. Alikuwa anaimba peke yake, akaniuliza ni mtindo gani unamfaa mtu anayeanza maisha mapya.

"Kaka yako atakukosa sana," nikamwambia.

"Msusi, kaka ni mtu mwema, sijamwona na ubaya. Lakini tangu nihamie pale hajaniuliza hata siku moja nimeamkaje."

Nikaendelea kusuka. Si kazi ya msusi kuhamisha maneno kutoka kichwa hiki kwenda kile.

Siku yenyewe gari la kukodi lilisimama mlangoni asubuhi. Mizigo ikapakiwa, binti akakaa mbele na dereva, dada akakaa nyuma, dirishani. Fundi akasimama barabarani, kamera usoni.

"Dada, tazama huku."

Akatazama. Jua lilikuwa upande wake, kijisanduku kikawa kijani, Fundi akamalizia kitufe. Gari likaondoka. Alibaki ameinua mkono mpaka lilipokata kona, na hata baada ya hapo.

Nilimfuata ndani kumpongeza. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, ameinamia kile kioo kidogo, akiikuza picha mara kwa mara. Uso ulikuwa wote: nyusi, mashavu, meno, macho yanayong'aa. Picha haikuwa na ukungu wala giza. Dada alikuwa anacheka kama msichana aliyeruhusiwa kwenda nyumbani mapema, na kila Fundi alipoikuza alikuwa anatafuta huzuni asiione.

"Msusi," akaniuliza bila kuinua kichwa, "huyu ndivyo alivyo siku zote?"

"Akija kwangu, ndiyo," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole. Nilimwachia chai mezani, na nilipopita jioni ilikuwa pale pale, imepoa.

Jumamosi alikuja darasani, jambo ambalo sikulitarajia. Mwalimu akaiweka picha ukutani, na ukumbi uliomcheka ukampigia makofi. Wengine walisimama.

"Mzee wangu, umefuzu!" mwalimu akasema. "Hebu tuambie na sisi, ulimwambia nini mpaka akacheka hivyo?"

Fundi alimtazama dada yake pale ukutani.

"Sikumwambia kitu," akasema. "Alikuwa anaondoka."