Chupa ya Maji ya Dokta

Mnisamehe mwandiko mbaya na maneno yatakayokosewa. Niliacha shule darasa la sita, na mkono wangu unatembea polepole.

Dokta mmoja alikuja Bukavu kuchunguza kama wanaoogelea ziwani wanapata magonjwa. Akanipa kazi: kila asubuhi nichote chupa ya maji pale wanapoogelea vijana, karibu na mtaro wa uchafu, nimpelekee ayapime.

Njiani anakaa Maman Furaha, anayetia dawa ya klore katika bidoni, yaani madumu ya maji, za wote wanaotoka ziwani, kwa sababu ya kolera. Tangu utoto sijawahi kumpita bila kusimama. Basi nilisimama, akatia dawa, nikamshukuru, nikaenda.

Dokta alishangaa. Vijana wanajikuna na kuharisha, lakini maji hayana hata kijidudu kimoja!

"Mikono yenu ndiyo iko muchafu," akawaambia pale ufukoni. "Maji iko safi. Muniangalie!"

Akavua shati, akaingia. Nilitaka kumwambia habari ya dawa, lakini niliona haya. Alipozama na kuibuka akitema maji, Maman Furaha akapiga kelele kutoka juu njiani:

"Dokta, toka! Hiyo sijaitilia dawa! Ile yako ya mu chupa ndiyo natiliaka, mutoto wako ananileteaka kila asubuhi!"

Watu wote wakanigeukia. Dokta naye, mfuko wa plastiki ukining'inia begani mwake.

Tafadhali niandikieni: nimrudishie chupa yake leo, au nisubiri kwanza amalize kujikuna?