Nyasi Mpya kwa Mgeni wa Serikali

Siku mgeni wa serikali alipokuja kuupima umaskini wetu, nyumba yetu ilikuwa tajiri kuliko nyumba yoyote kati ya Nyakasimbi na Nyakakika. Utajiri huo uliingia asubuhi kichwani mwa binti yangu, viti viwili viwili, na mchana ukaondoka kwa njia ileile.

Mimi hutia chumvi, najijua. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, matope ya shamba kwenye visigino, nimekaa darasani kati ya fundi cherehani na mgambo mwenye mvi. Nilipopata daraja la nne nililitangaza kijijini kwa sauti ambayo wengine hawakuwa nayo hata kwa daraja la kwanza. Nikikwambia nimekimbizwa na mbwa wanne, jua mbwa alikuwa mmoja, tena amefungwa. Lakini haya nayasema bila chumvi, kwa sababu chumvi yote niliimwaga siku yenyewe.

Nyumbani tulikuwa watatu, wanawake watupu: mama yangu, mimi, na binti yangu aliyekuwa darasa la saba. Baba yake alivuka kwenda Uganda kutafuta kazi binti hajaota meno. Nadhani kazi yenyewe ni ngumu kuonekana, maana bado anaitafuta. Nikarudi kwa mama, kwenye kibanja alichoacha marehemu baba, migomba iliyosongamana hata ukiingia mchana unatamani taa. Kisha ukaja mnyauko. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza, na bwana shamba akatuambia tuing'oe yote tuizike. Tukaizika. Mama alisimama kando ya shimo amejifunga kitenge kiunoni kama aliyefika msibani. Tangu hapo tukawa vibarua wa kulima maharage ya watu, na jioni tunalipwa maharage.

Hapo ndipo ilipofika habari ya mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mkutano wa kijiji uliitishwa, watu wakakaa kwenye majani mbele ya ofisi, na kaya zikaanza kutajwa moja moja ili wenyewe tuseme nani hana kitu na nani anajifanya.

"Mwanamke anayelea peke yake, na bibi mzee ndani," alisema mwenyekiti wa kitongoji chetu, akinionyesha kwa kalamu. "Kuna anayepinga?"

"Yule msomi?" mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Msomi naye maskini? Si achemshe cheti ale!"

Watu wakacheka. Nami nikasimama. "Nilishakichemsha, baba. Tangu juzi kipo jikoni, hakiivi."

Mkutano ukaanguka kwa kicheko. Nikapitishwa bila kupingwa, na nikakaa nikijiona nimeshinda uchaguzi.

"Msishangilie mapema," alituambia mtendaji wa kijiji. "Watakuja watu wa kuhakiki, nyumba kwa nyumba. Wataona kwa macho yao."

Nilitembea kurudi nyumbani miguu haigusi ardhi. Msaada ule ulikuwa na sharti: mtoto wa kaya lazima awe shuleni. Sijawahi kusikia sharti tamu kama hilo. Sekondari ya kata ilikuwa mwendo wa saa nzima na nusu kutoka kwetu. Binti angehitaji sare, viatu, madaftari, na mchango wa chakula cha mchana. Na kule Kibingo, upande wa Kyerwa, binamu yangu alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili: mke wake amejifungua mapacha, anataka msichana wa kulea na kusaidia kuchuma kahawa. Nilimjibu kwamba mwanangu anasoma. Akasema, "Sawa, dada. Akimaliza la saba tutaongea." Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi. Tukiingia kwenye orodha, binti anakwenda sekondari. Tusipoingia, anakwenda Kibingo.

Mama alipoambiwa kwamba mtu wa serikali atafika kesho yake, alishika kifua.

"Kwangu?" aliuliza kwa Kinyambo, maana Kiswahili chake ni cha kusalimia tu. "Mgeni wa serikali, kwangu?"

Alfajiri nilimsikia akitoka na mundu. Alishuka bondeni, akarudi na mzigo wa nyasi mbichi zenye umande, akazitandaza sebuleni kwa mkono, unyasi kwa unyasi, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwetu mgeni hakanyagi udongo mtupu. Na mgeni haambiwi njaa. Njaa ya nyumba ni kama uchi wa mzazi, kila mtu anajua upo na hakuna anayeuonyesha. Alipomaliza nyasi akamkamata kuku wetu wa mwisho, yule aliyekuwa anataga, na kabla sijafungua mdomo kisu kilikuwa kimeshapita. Kisha akatutuma mimi na binti tukaazime viti dukani.

Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, watu wa pwani kwa asili, amenizidi umri kidogo na amenizidi maneno sana.

"Nasikia leo mnakaguliwa ufukara," alisema. "Sasa viti vya nini, shoga?"

"Mama kasema mgeni hakai kwenye kigoda."

"Astaghafiru! Huyo si mgeni, huyo ni daktari. Daktari unamvalia kanga ya sikukuu, kidonda atakionea wapi?"

"Njoo umwambie mama mwenyewe."

"Nimwambie mimi? Nimezaa hapa, nimezika hapa, na mama yako bado ananiita mgeni. Nikimfundisha adabu za nyumba yake ataninyima kahawa ya kutafuna mpaka naingia kaburini." Akatutolea viti vinne vya plastiki, chupa ya chai yenye maua, na mwisho, kwa hasira, redio. "Haya, chukueni na hii. Muwe mabalozi kabisa!"

Nilicheka njia nzima. Nilikuwa nimesikia kila neno, na neno lilikuwa la kweli, nami nilicheka.

Aliyekuja kuhakiki alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, kishikwambi mkononi. Alimwamkia mama "shikamoo" huku amepiga goti nusu, na kuanzia hapo mama angempa hata nyumba. Alikaribishwa kiti. Akaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akatia punje mbili mdomoni, akasifu. Redio ilikuwa inasoma habari.

"Sakafu ya udongo," alijisemea akigonga kioo. Nikafurahi, hiyo moja ni yetu. "Viti... redio..." Akagonga tena. Hakuuliza ni vya nani. Nasi, kwa kuwa hatukuulizwa, hatukusema.

"Kwa siku mnakula mara ngapi?"

Nikamtafsiria mama. Mama akajinyoosha kwenye kiti cha watu. "Mwambie hapa hajawahi kulala mtu na njaa."

Mkalimani nilikuwa mimi, na mimi sijawahi kubeba neno nikalifikisha bila kulinenepesha njiani.

"Mara tatu," nikamwambia kijana.

Mama alikuwa bado ananitazama. Mara tatu ikaonekana pungufu. "Hata mara nne," nikaongeza.

"Basi nihamie kwenu," alisema kijana akicheka.

"Hamia! Kuku wapo kama mchanga."

Kuku alikuwa mmoja, naye wakati huo alikuwa anaingia kwenye sahani. Binti yangu alisimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Tangu jana yake asubuhi alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha uji. Alinitazama usoni kwa muda, si kwa lawama, kwa makini tu, kama anavyotazama ubao mwalimu akiandika kitu kipya. Kisha akapiga goti akammiminia mgeni maji.

Mgeni alikula. Sisi tulimwambia tumeshakula.

Kwetu pia mgeni husindikizwa. Nilitembea naye hadi kwenye mikaratusi, njia inapokata kwenda barabarani.

"Mama," aliniambia, "tangu jana naingia nyumba za machozi tu. Kwenu nimepumzika. Mungu azidi kuwabariki."

Hilo "azidi" ndilo lililoniamsha. Nilisimama pale kama mtu aliyetoka nje akakuta amesahau kuvaa. Nilihitaji maneno matatu tu: viti si vyetu. Mimi ambaye mgambo mwenye mvi aliniambia darasani kwamba nikifa ulimi utazikwa kesho yake! Nikageuka nyuma. Mama alikuwa mlangoni na kitenge chake cha kanisani, anapunga mkono, anatabasamu na meno yake yote machache. Kwa miaka mingi sikuwa nimemwona amesimama wima hivyo.

"Karibu tena," nikamwambia kijana.

Akashukuru, akashika njia.

Mvua za vuli zilipokatika orodha ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Niliisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, kisha majina ya katikati, kana kwamba jina langu lingeweza kuingia wakati napepesa macho. Mwanamume aliyenitania cheti alikuwa pembeni yangu. Safari hii hakutania. Alisema, "Pole, dada," na pole yake ikaniumiza kuliko kicheko chake.

Nikaandika barua ya malalamiko. Nilijifungia na kalamu siku mbili, nikaweka aya, nikaweka nukta, nikaweka "kwa unyenyekevu mkubwa" mahali pote palipostahili. Mtendaji aliisoma hadi mwisho.

"Barua nzuri sana," alisema. "Hii ningeipeleka sekondari wajifunze."

"Mimi nataka inipelekee mtoto sekondari, si ipelekwe yenyewe."

Alicheka kidogo, akavua miwani. "Dada yangu, orodha imefungwa. Itakapofunguliwa sijui ni lini, na nisikudanganye. Hapa imeandikwa mna viti, mna redio, mna kuku, mnakula mara tatu hadi nne. Nani aliwasemea hivyo?"

"Sisi wenyewe."

Akaikunja barua yangu vizuri, akanirudishia. Hakuwa mtu mbaya. Ningeona nafuu angekuwa mbaya.

Sikumwambia mama. Nilimwambia serikali imechelewa, mambo ya serikali ni mazito. Mpaka leo anaamini yule kijana atarudi. Kila anaposikia pikipiki anauliza kama nyasi zimeshakauka, akakate mpya.

Matokeo ya darasa la saba yalitoka, binti akafaulu. Nikayatangaza kijijini kama kawaida yangu, hata mbuzi walijua. Januari ilipofika, wenzake walipita njiani asubuhi na sare zao mpya zilizowazidi mikono, na yeye alikuwa anasubiri kwenye kigoda, mfuko wa nguo miguuni. Binamu yangu alikuja kumchukua kwa pikipiki.

"Mama, usiwaze," binti aliniambia akipanda. "Nitasoma jioni kama wewe."

Akacheka, nami nikacheka. Tumerithishana kicheko hicho tu. Pikipiki ilipopotea kwenye kona nilikuwa bado nacheka, na sikuweza kuacha, mpaka mama akatoka akaniuliza kuna nini.

Watu wakiniuliza habari za mtoto, nawaambia anasoma Kyerwa, shule kubwa, yenye ghorofa.

Alirudi kututembelea Pasaka, kwa siku moja. Asubuhi hiyo nilimsikia tena mama akitoka na mundu.

"Za nini, mama?" nilimuuliza aliporudi na mzigo. "Anayekuja ni mtoto wa hapa."

"Ana nyumba nyingine anakolala," alisema, akianza kutandaza. "Huyo sasa ni mgeni. Nenda kamtafutie kiti."

Nikaenda. Mwenye duka alinipa kiti kimoja cha plastiki bila kuuliza. Yule mama mwenye maneno kama mvua ya masika alinitwisha tu, akarudi ndani.

Binti alifika mchana. Alikuwa amerefuka na kukonda, mifupa ya shingo imejitokeza, viganja vimekuwa vigumu na kucha zina weusi wa kahawa. Mama alimkalisha kwenye kiti juu ya nyasi, akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna kama mtu mzima. Binti akatia punje moja mdomoni, akasifu. Nilimtazama mpaka nikashindwa kuendelea kutazama.

"Huko mnakula?" nikamuuliza.

Alimtazama bibi yake. Kisha akanigeukia, kwa makini yaleyale ya siku ile mlangoni.

"Mara tatu, mama," alisema. Akaona bado namtazama. "Hata mara nne."

Mama hakuhitaji kutafsiriwa hilo. Alijipiga magotini kwa furaha na kuniambia kwamba mtoto huyu tumemlea vizuri.

Nikainuka, nikachukua birika, nikapiga goti mbele ya mwanangu, nikammiminia maji ya kunawa.