Nyumba Kongwe ya Ayeyo

Mzungu wa serikali alifika kambini kwetu, karibu na Modogashe, akitafuta majengo ya kale. Ayeyo, yaani bibi yangu, akamwonyesha nyumba yake ya fito na mikeka. Mzungu akacheka, kwa sababu jana yake aliiona ikipita juu ya ngamia.

Ayeyo alikasirika. Alimwambia mkalimani kwamba mikeka ni mipya na kamba alizisuka mama yake, lakini ule ufito uliopinda mlangoni ulitoka kwa bibi wa bibi yake, na umemgonga kila mwanamume aliyewahi kuingia. Mimi pia ulishanitoa nundu, na sikuwahi kuuheshimu.

Mzungu akainama aingie auone. Ukamgonga. Akatoka akipapasa paji la uso, sasa anaamini, akaomba nyumba isiguswe mpaka arudi na kamera.

Aliporudi alikuta majivu na mavi ya ngamia. Mvua ilikuwa imenyesha kwingine, tukahama. Siku alipotufikia, uso umemwiva kwa jua, alilalamika kwamba tumepoteza jengo la kale.

Ayeyo, ameketi mlangoni pake, akamgeukia mkalimani. "Nyumba hii haijapotea hata siku moja. Muulize yeye alikuwa wapi."